Siku Tulipompandisha Kukhu Mwambani

Baba yangu ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza katika kota za kiwanda kutembea bila kwenda popote. Kabla yake watu wa Tororo, huko Uganda, walitembea kwa sababu zinazoeleweka: sokoni, kanisani, matangani, au kumtafuta ng'ombe aliyekata kamba. Yeye alianza kutoka kila Jumapili baada ya ibada, amevaa kaptula, soksi ndefu na kofia ya jua, fimbo mkononi, mke na watoto wawili nyuma yake. Jioni alirudi na mke na watoto walewale. Majirani walitukagua, wakaona hakuna kilichoongezeka wala kilichopungua, wakabaki wanashangaa.

Wazo hilo alilipata kwa Mzungu wake. Baba alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha saruji. Lori likiingia tupu analipima, likitoka na mzigo analipima, na asiporidhika na mshale analipima tena, dereva apende asipende. Mzungu aliyekuwa mkubwa wake alikuwa na desturi ya kumchukua mkewe, watoto na mbwa kila Jumapili, na kikapu cha mikate, kwenda kuzunguka ule mwamba mkubwa uliosimama juu ya mji. Uhuru ulipokuja Mzungu akafungasha akaenda zake, na baba, ambaye hakupenda kuona kitu kizima kikitupwa, akayarithi matembezi. Mbwa hatukuwa naye. Kikapu tulikuwa nacho.

"Nyinyi nakwenda wapi na watoto?" watu walituuliza njiani.

"Tunatembea," baba alijibu.

"Natembea kwenda wapi?"

"Kutembea tu."

"Pole sana, mzee," walisema, wakiamini kwamba tunaficha msiba.

Nasikia kuna nchi ambako familia hutembea vilimani katikati ya mashamba ya mizabibu, na kila kona wanakaribishwa kuonja divai. Kwetu hapakuwa na mizabibu. Palikuwa na wimbi, na kuanzia mjini hadi Paya upande mmoja na Merikit upande wa pili ilikuwa vigumu Jumapili kupata boma lisilokuwa na chungu cha malwa uani, kimezungukwa na watu kwenye vigoda, kila mmoja na mrija wake mrefu umezama chunguni. Mwenye boma anaongeza maji ya moto, mazungumzo yanaendelea. Kupita mahali hapo bila kukaa ni kumwambia mwenye boma kwamba pombe ya mkewe ni mbaya. Kwa hiyo matembezi yetu ya kwanza yalikomea boma la pili, na mama ndiye aliyetuongoza kurudi nyumbani, maana baba alikuwa ameanza kuueleza mti fulani habari za mizani. Baada ya hapo alijifunza kupita nyuma ya maboma, akiinama kando ya ua wa minyaa kama mwizi wa kuku. Mimi, niliyekuwa mtoto mkubwa, niliona haya kuliko ninavyoweza kueleza.

Hayo yote yalikuwa ya kawaida mpaka alipokuja Kukhu.

Kukhu ni bibi kwa Kilusamia. Huyu alikuwa mama yake mama, na kwake kulikuwa Samia, upande wa Busia ya Kenya, chini ya kilima kilichopasuka katikati kama jino lililomeguka. Alikuja kwa sababu ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha kufunga. La kulia lilikuwa linafunga kuanzia pembeni kuja katikati, hata akawa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya mrija: kitundu kidogo tu, lakini humo ndani ya kitundu aliona vizuri ajabu. Aliweza kuona kupe kwenye sikio la mbuzi aliyesimama ng'ambo ya uwanja, kisha akajigonga kwenye nguzo ya mlango.

Daktari wa macho alimmulika na taa, akamwambia mama jambo kwa Kiingereza. Mama akamwambia Kukhu jambo jingine kabisa kwa Kilusamia.

"Niambie alilosema yeye," Kukhu akasema.

Mama akamwambia. Jicho lile halingefika mavuno ya wimbi.

Kukhu akajifunga vizuri kitambaa chake cha kichwani, akasema ana njaa. Sisi ndivyo tulivyo upande wa mama. Habari mbaya tunaipa chakula kwanza.

Sasa, ni lazima nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwa Wasamia, na kwa Wajapadhola wa kwao baba vilevile, mwanamume na mama wa mkewe hawakaribiani. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawazungumzi ana kwa ana. Mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Si uadui. Ni heshima, tena heshima kubwa kiasi kwamba mgeni akiitazama ataona uadui mtupu. Na baba na Kukhu waliheshimiana sana.

Kwa hiyo Kukhu alilala kwa mjane mmoja jirani yetu, mpika malwa. Asubuhi king'ora cha kiwanda kikilia baba anatoka mlango wa mbele, Kukhu anaingia mlango wa nyuma. Jioni king'ora kikilia tena, Kukhu anatoka nyuma, baba anaingia mbele. Walipokezana nyumba kama watu wa zamu. Siku moja king'ora kiliharibika, na baba akasimama nje kwenye mvua, akikohoa, mpaka mama aliposikia.

Jioni moja Kukhu alikuwa uani kwa yule mjane, mama na mimi tumekaa naye. Alikuwa anausogeza uso taratibu, kidogo huku, kidogo kule, mpaka akaukamata mwamba ndani ya kitundu chake. Akautulizia jicho.

"Tangu niolewe nauona huu kila asubuhi nikifungua mlango," akasema. "Ukivaa wingu, naanua wimbi langu. Haujawahi kunidanganya. Sasa kabla hili jicho nalo halijaniaga, nataka nisimame juu yake nitazame kwangu. Nikione kilima chetu kutoka huku, mara moja. Halafu jicho lifanye linavyotaka."

"Mama, kule juu kuna ngazi za chuma," mama akasema. "Watu wanateleza."

"Nyani wanapanda bila ngazi. Mimi nimewekewa ngazi."

Mama akaanza kulia polepole. Alijua kwamba mama yake hajawahi kuomba kitu chochote, na sasa alikuwa ameomba kitu kimoja, nacho kiko juu ya mwamba.

Kutoka nyuma ya ua wa nyasi, ambako hatukujua kwamba kuna mtu, tukasikia kikohozi. Kisha sauti ya baba ikaniita, ingawa nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake.

"Mwambie Jumapili," ikasema.

"Kukhu, baba anasema Jumapili."

"Mwambie nimesikia," Kukhu akasema.

"Baba, anasema amesikia."

"Vizuri," ukasema ule ua.

Wiki ile baba hakulala sawasawa. Kupanda mwamba na watoto alikuwa amekwisha kufanya mara nyingi, na njia aliijua kuliko mtu yeyote pale kota. Lakini kumpandisha mama mkwe usiyeruhusiwa kumtazama wala kumgusa, hiyo hata Mzungu hakuwa amemfundisha. Alichora mpango na kijiti chini, mbele ya mlango. Yeye atatangulia, mbali, asionekane. Kwenye kila njia panda ataweka tawi bichi kwenye njia isiyofaa. Mdogo wangu wa kiume atamwongoza Kukhu kwa fimbo. Mama atakuwa nyuma yake. Mimi nitakimbia katikati, kupeleka maneno.

Ikabaki kaptula. Kwenye ngazi baba angekuwa juu na Kukhu chini, na mtu aliye juu ya ngazi na kaptula ni jambo ambalo mama mkwe hapaswi hata kulifikiria. Baba akavaa suruali ya harusi yake. Ilikuwa nyeusi, nzito, na ilimbana.

Tulitoka Jumapili asubuhi, bila kwenda kanisani, jambo lililotutisha kidogo. Mvua zilikuwa zimeanza kuosha hewa, na anga ilikuwa safi. Baba alikuwa amepotea mbele. Tuliongozwa na matawi yake. Kwenye bonde dogo sauti yake ikatoka kichakani, karibu kabisa na sisi.

"Mwambie hapo pana jiwe linaloteleza."

"Kukhu, baba anasema pana jiwe linaloteleza."

"Mwambie mimi si kiziwi."

"Baba, anasema..."

"Nimesikia," kichaka kikasema, kwa adabu.

Niliwachukia wote wawili kwa muda. Nilikuwa na miguu mifupi, na nilikuwa nabeba maneno ambayo kila mtu alikuwa nayo tayari.

Pale chini ya mwamba palikuwa na boma lisiloweza kukwepwa, maana njia ilipita katikati ya uwanja wake. Baba alipofika kabla yetu walimkamata. Alieleza kwamba ana safari. Wakamjibu kwamba hata wao wana safari, wakamkalisha, wakampa mrija. Basi sisi tulipotokeza kwenye kona, mdogo wangu na Kukhu mbele na fimbo yao, baba alikuwa amekaa kwenye duara, ametuelekezea uso, mrija mdomoni.

Sijawahi kuona mtu mzima akiondoka hivyo. Hakuaga. Aliruka kigoda, akalikosa lango, akapita katikati ya ua wa miiba na suruali yake ya harusi, akatokomea kwenye mihogo. Mrija wake ulibaki unayumba chunguni.

Mwenye boma alitutazama sisi, akautazama ule ua.

"Huyo mzee natoroka nini?" akauliza. "Nyinyi nakuja kukamata yeye?"

"Hapana," mama akasema. "Tuko naye pamoja. Tunatembea."

Mwenye boma akafikiri kidogo. Kisha akamwona Kukhu vizuri, na umri wake, na jinsi mama alivyomshika mkono, akaelewa, akapiga makofi kwa huzuni.

"Kumbe mama mkwe! Na mimi nalazimisha yeye kaa! Mimi nafanya makosa kubwa. Mama, karibu, kaa hapa."

Akamwonyesha kigoda cha baba. Kukhu hakuwa amekaa bado mama alipokivuta kile kigoda kwa mguu na kusukuma kingine, kwa maana kiti cha mkwe hakikaliwi kikiwa bado na joto lake. Wakamletea mrija mwingine. Kukhu akanywa kidogo, kwa heshima, akasema wimbi la mama mwenye boma limekaangwa vizuri. Ndipo tukaruhusiwa kupita. Wanaume wote walisimama kutuaga. Mmoja wao alienda pembeni ya mihogo akasema kwa sauti, kwa mtu asiyeonekana, "Mzee, sasa kwenda, njia nafunguka."

Ngazi tulizipanda taratibu mno. Mama alikuwa chini ya Kukhu, bega lake likimsukuma, nami nilikuwa juu, nikimwambia mahali pa kuweka mkono. Chuma kilikuwa cha baridi. Kwenye ngazi ya mwisho Kukhu alisimama muda mrefu, nikaogopa kwamba ataachia. Nilitaka kumwita baba. Nilimwona kidogo pale juu, amelala kifudifudi nyuma ya jiwe, mikono yote miwili amekamata nyasi, kama mtu anayejizuia asikimbie. Hakuja. Kukhu akavuta pumzi, akapanda.

Juu ya mwamba palikuwa na upepo na pimbi na jua, na dunia yote ilikuwa chini. Mdogo wangu alianza kuimba. Tulimsimamisha Kukhu katikati, mbali na ukingo, mama akamshika kiuno. Baba alikuwa nyuma ya jiwe kubwa, upande wa kushoto, nami nikasimama kati yao.

Kusini, kutoka upande wa ziwa, wingu lilikuwa linakuja.

Si wingu la kuchezea. Lilikuwa la bluu iliyoiva, na chini yake mvua ilikuwa imekwisha kuanza, nayo ilikuwa inatembea kuja kwetu ikifuta kijiji baada ya kijiji. Vilima vya Samia vilionekana bado, vidogo na safi, mbele yake tu. Mtu mwenye macho angevikuta mara moja. Lakini Kukhu alikuwa na kitundu cha mrija, na nchi yote ile ilikuwa pana.

"Mwambie ageuke kulia," baba akasema.

"Kukhu, geuka kulia."

Akageuka sana. Akapita.

"Arudi kidogo. Kidogo! Sasa ainue uso. Siyo hivyo, huo ni mti. Mwambie amepitiliza juu."

"Kukhu, rudi. Inua uso. Si sana."

"Mnanizungusha kama kuku wa kuuzwa," Kukhu akasema, lakini sauti yake haikuwa na mzaha. Jicho lilikuwa linatoka machozi kwa upepo. Alilifuta na upindo wa nguo, akaanza tena, uso unasogea, unasimama, unasogea. Wingu nalo halikungoja.

Ghafla akasimama.

"Hicho!" akasema. "Kilima. Nimekiona kilima!"

Akaanza kucheka, na mashavu yake yote yakapanda juu. Mama akafuata alikotazama. Nami nikafuata. Alikuwa amegeuka vibaya kabisa. Alikuwa anatazama kilima kingine, cha upande wa mawio, ambacho hakuna ndugu yetu hata mmoja aliyewahi kukaa karibu nacho.

Mama alinitazama, akaweka kidole mdomoni.

"Ndicho, mama," akasema. "Umekiona."

"Siyo," baba akasema nyuma ya jiwe.

Mama akageuka, akasema kwa hasira ya chini, "Mwache. Amefurahi."

"Siyo hicho."

"Mvua hiyo inakuja. Utampa nini kingine? Mwache nacho."

"Amesema siyo?" Kukhu akauliza. Kicheko kilikuwa kimekatika. "Mbona hakina pengo? Kilima chetu kina pengo."

Mdogo wangu aliacha kuimba. Nilimwona mama akilia tena, na safari hii ilikuwa kwa hasira, kwa sababu alikuwa amempa mama yake kitu na mumewe amekinyang'anya. Mimi pia nilimchukia baba wakati ule. Niliona ni afadhali Kukhu aende nyumbani na kilima cha uongo kuliko aende mikono mitupu. Bado sina hakika kwamba nilikosea.

Mvua ilikuwa imekifikia kilima cha kwanza cha Samia.

Baba akatoka nyuma ya jiwe. Alitembea wima, kofia mkononi, suruali imechanika gotini. Akaja kwa upande wa kushoto wa Kukhu, upande wa jicho lililokufa, akasimama nyuma ya bega lake. Akakiweka kichwa cha mama mkwe wake kati ya viganja vyake viwili, kwenye masikio, kama vile anavyoshika jiwe la mizani asilitikise, akakigeuza. Taratibu. Zaidi kidogo. Akakiinamisha kiasi cha unywele mmoja. Akaacha.

Kukhu akakaza jicho.

Upepo ulikuwa unapiga. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mikono. Jambo lile lilikuwa halifanyiki. Kama angeingia ndani na kumkuta anaoga, lisingekuwa kosa kubwa zaidi sana.

"Pengo," Kukhu akasema hatimaye, polepole. "Lile pale pengo. Na chini ya pengo ni kwangu. Ni kadogo. Sikujua kama ni kadogo namna hiyo. Na mimi nimekaa pale miaka yote nikidhani mwamba ndio mdogo."

Alitazama. Baba hakuondoa mikono. Alitazama mpaka mvua ilipoanza kukifuta kilima upande mmoja, kisha pengo, kisha upande wa pili, na mbele ya jicho lake ikabaki rangi ya kijivu tu.

"Basi," akasema. "Nimeona."

Kisha, bila kugeuka, akasema, "Mikono hii inanuka saruji."

Baba akaitoa mikono kana kwamba imeungua. Kukhu angeweza kugeuza uso. Nilimwona akifikiri. Hakugeuza. Aliendelea kutazama mbele, kule kwenye kijivu.

"Upande huo mimi sina jicho," akasema. "Sijaona mtu."

Baba akarudi nyuma ya jiwe. Mvua ikatukuta kwenye ngazi, na jinsi tulivyoshuka sitaki hata kukumbuka.

Kosa la kumshika mama mkwe lina dawa yake, na dawa hiyo ina miguu minne na ndevu. Kukhu aliporudi kwao, baba alimpeleka mbuzi Samia kwa mkono wa mjomba, kaka yake mama, na maneno marefu ya kuomba radhi. Mjomba alirudi na habari kwamba mbuzi ameliwa, kwamba nyama ilikuwa ngumu, na kwamba Kukhu ameuliza kama mkwe wake hana mbuzi wanene.

Jicho lilifunga kabla ya mavuno, kama alivyosema daktari.

Krismasi tulikwenda Samia wote. Kwa kawaida baba alibaki langoni kwa wakwe, akaletewa kigoda na chakula chake huko huko chini ya mti wa mwarubaini. Lakini siku ile Kukhu alikuwa amekaa uani karibu na chungu, amezungukwa na wajukuu, na aliposikia kwamba baba amefika aliuliza mbona haingii.

"Mama, ni mkwe," mjomba akasema.

"Najua ni mkwe. Haya tunaoneana kwa macho. Mimi sina macho. Mtu nisiyemwona nitamwonea haya gani? Mwiteni aje akae hapa tunywe."

Wazee walilijadili jambo hilo, na walilijadili vizuri, kwa muda mrefu, na hakuna aliyepata la kumpinga. Mimi nikatumwa langoni, kama kawaida yangu.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa amevaa suruali ileile, imeshonwa gotini.

"Mwambie nashukuru," akasema. "Lakini yeye ndiye haoni. Mimi naona."

Nilirudi nikayasema maneno hayo mbele ya watu wote. Kukhu akainamisha kichwa, mrija wake mkononi. Alikuwa amefanya jambo gumu kwa mwanamke wa umri wake, kumwita mkwe mbele ya wazee, na limerudishwa. Nilimwona mnyonge kwa mara ya kwanza, na nilitamani mtu mwingine awe amebeba maneno yale.

Nikasikia lango likilia. Baba alikuwa amesimama ndani ya uwanja, kofia kifuani, macho yake ameyafumba. Hakuyabana kwa mzaha kama watoto. Aliyafumba kabisa, kama mtu aliyelala. Alinyoosha mkono mbele, akapapasa hewa, akasema, "Nani atanishika?"

Nilikwenda nikamshika. Alitembea vibaya. Alikanyaga kuku, akaomba radhi. Nilimkalisha kwenye kigoda kando ya Kukhu, karibu goti kwa goti, na bado hakufumbua.

"Amefika?" Kukhu akauliza.

"Amefika, Kukhu. Amefumba macho."

Kukhu hakuniamini. Alinyoosha mkono wake mkavu, akaukuta uso wa baba, akaupanda polepole na vidole, kidevu, mdomo, pua, mpaka akafika kwenye kope. Akazigusa moja moja. Zilikuwa zimefumbwa, nazo zilikuwa na maji.

"Kweli," akasema.

Akapapasa mrija wa pili, akampa. Mjomba akaongeza maji ya moto, nao wakanywa mpaka jioni, wakizungumza habari za mvua.